Sura ya Sita: Mwezi Ukiwa Gizani

Ukutani kwangu hapa Buhare zimening'inia kalenda mbili. Ya kwanza ni ya kawaida, yenye picha ya twiga na jina la duka la vifaa vya ujenzi. Ya pili nimeichora mwenyewe kwa penseli: viduara thelathini, vingine vyeupe, vingine nimevikoleza vikawa vyeusi tii. Hii ya pili ndiyo inayoniambia lini nilale mapema na lini nishuke ziwani. Wavuvi wa dagaa nao wanaifuata, ila wao wanayo kichwani. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika mwaloni, watu wanashona nyavu, wa kwenda Majita kusalimia wazee wanakwenda, na wenye madeni wanajificha. Mwezi ukiisha wanarudi kazini. "Giza limeingia," utawasikia wakisema, kwa sauti ile ile ambayo mkulima wa Butiama anaitumia kusema wingu limefunga.

Furaha yao ni ya kibiashara. Mchana dagaa wa Ziwa Victoria hukaa chini, kwenye kina. Usiku hupanda juu kufuata vijidudu vya majini wanavyokula. Mvuvi akiwasha karabai juu ya maji, vijidudu vinasogea kwenye mwanga, dagaa nao wanasogea, na baada ya muda maji chini ya taa yanaanza kuchemka fedha. Hapo wavu unafanya kazi yake. Lakini mwezi mpevu ukiwa angani, uso wote wa ziwa umewashwa. Dagaa hana sababu ya kuja kwako wewe. Karabai ni ile ile, mafuta ya taa yamenunuliwa kwa bei ile ile, na ndoo zinarudi tupu.

Maelezo hayo niliyasikia mara nyingi kabla hayajanigusa mimi kama mpiga picha. Nilikuwa nimefundishwa, kama wengi wetu, kwamba giza ni upungufu, na kwamba kazi ya mpiga picha akifika mahali penye giza ni kuliondoa: leta taa, washa flashi, fungua lenzi, pandisha ISO mpaka kila kitu kionekane. Wavuvi wanafanya kinyume. Wanangoja giza liwe zito vya kutosha ndipo taa yao iwe na maana.

Usiku wangu wa kwanza mtumbwini nilikwenda na flashi. Nilikuwa nimebembeleza karibu wiki nzima ndipo watu wanne wakakubali kunipakia, nimevaa boya, kamera nimeitia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko (njia ambayo bado naitumia, hakuna begi la kamera linaloelea kama ndoo). Tukakaa. Karabai ikavuma. Walipoanza kuvuta wavu nikaona huu ndio wakati, nikapiga. Mwanga wa flashi ni mfupi kuliko kufumba kope, lakini ulitosha kumpofusha kijana aliyekuwa anavuta upande wa mbele. Kamba ikamponyoka, wavu ukalegea upande mmoja, na sehemu ya mavuno ikarudi ilikotoka.

Mzee mwenye taa hakupaza sauti. "Mwanangu," akaniambia, "sisi tuna taa moja, na mafuta yake tumeyalipia. Hiyo ya kwako nani kaiomba?"

Sikuwa na jibu, na asubuhi nilipoitazama ile picha nikaona kwamba hata picha yenyewe haikuwa na jibu. Watu wanne wameng'aa kama waliofumaniwa. Nyuma yao ukuta mweusi. Karabai, chanzo cha shughuli yote ile, imekuwa kidoa cha manjano kisicho na kazi. Ziwa halipo. Ningeweza kuipiga picha ile ndani ya gereji.

Tatizo la flashi iliyokaa juu ya kamera ni kwamba mwanga wake unatoka pale pale jicho lilipo. Vivuli vyote vinaangukia nyuma ya vitu, mahali usipoviona, kwa hiyo uso unabanwa kuwa bapa kama chapati. Namna hii ya kuuvamia usiku ina historia ndefu katika nchi yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyika za Umasaini, kaskazini mwa Tanzania ya leo, akiwa na kamera, bunduki na unga wa magnesiamu. Alifunga ng'ombe au punda kuwa chambo, akatega kamera na uzi. Simba akija, uzi unavutwa, unga unalipuka, picha imepigwa. Kitabu chake, Mit Blitzlicht und Büchse, kilitoka mwaka 1905 na kilisomwa sana Ulaya. Siwezi kumdharau mtu aliyelala porini na baruti za picha. Lakini ukizitazama zile picha unaona mnyama aliyeshtuliwa, na nyuma yake giza ambalo halisemi lolote kuhusu mahali. Ni ushahidi kwamba simba alikuja. Usiku wenyewe, ule wa harufu na wa kusikiliza, haumo.

Zaidi ya miaka mia baadaye Mmarekani Michael Nichols, anayejulikana zaidi kama Nick, alikaa na simba wa kundi la Vumbi huko Serengeti, jirani zetu kabisa hapa Mara, akifanya kazi kwa jarida la National Geographic. Usiku alitumia mwanga wa infraredi ili asiwasumbue simba wala wanyama waliokuwa wanawindwa. Picha yake ya kundi hilo likiwa limejilaza juu ya mwamba, nayo ya infraredi, ya nyeusi na nyeupe, ilishinda tuzo kuu ya Wildlife Photographer of the Year mwaka 2014. Vifaa vyake huna na mimi sina. Tofauti ninayotaka uione kati ya wale watu wawili ni ya tabia zaidi kuliko ya vifaa: mmoja aliingia usiku na mlipuko, mwingine aliingia akijipunguza.

Tuje kwenye kamera yako. Ndani yake kuna kipima mwanga, na kipima mwanga hakijui usiku. Kimetengenezwa kuamini kwamba dunia, ukiichanganya yote pamoja, inatoka kijivu cha wastani. Kielekeze kwenye ziwa jeusi lenye taa moja na kitadhani kuna kosa linalohitaji kurekebishwa. Kitaongeza mwanga mpaka weusi uwe kijivu. Taa inaungua, uso ulio karibu na taa unaungua, na giza lenyewe linakuwa uji wa ulezi. Dawa yake ni kuikatalia kamera. Kama unatumia mfumo wa kujiendesha, punguza mwanga kwa stopu moja na nusu, au mbili. Kila stopu unayoshuka inapunguza mwanga kwa nusu. Ukiwa umezoea kupanga mwenyewe ni bora zaidi. Kwa uso wa mtu aliye mita mbili kutoka kwenye karabai iliyopampiwa vizuri, mimi naanzia ISO 1600, tundu la lenzi f/2, spidi ya sehemu moja kwa 125 ya sekunde. Karabai iliyochoka itakudai zaidi. Mtu anayevuta wavu hatulii, kwa hiyo usishuke sana chini ya hapo kama unataka mikono yake ionekane ni mikono.

Pima uso wa yule aliye karibu na taa, funga vipimo vyako hapo, na wengine wote waache waangukie wanapoangukia.

Na wataangukia mahali pazuri, kwa sababu mwanga wa taa moja unachoka haraka sana. Mtu aliye mita 2 kutoka kwenye taa anapata robo tu ya mwanga anaopata aliye mita 1. Aliye mita 3 anapata sehemu moja ya tisa. Sasa wapange wale watu wa mtumbwini. Mzee ameinamia karabai: unaona kila kunyanzi la paji la uso. Mvuta wavu yuko hatua mbili: unaona bega, mkono, nusu ya shavu. Kijana aliye nyuma kabisa na kasia: ukingo wa kofia, basi. Hukumpanga mtu yeyote na hukusema "geukeni huku", lakini picha tayari ina wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mwezi haufanyi hivyo. Mwezi uko mbali mno, unawagawia wote sawasawa, na ndiyo maana picha nyingi za mbalamwezi zinafanana na picha za mchana zilizofifia. Hapa nami nimeishia kukubaliana na dagaa.

Kabla hujapiga chochote, lakini, jicho lako linahitaji muda. Kutoka kwenye nyumba yenye umeme mpaka jicho lizoee giza ni karibu nusu saa, na ukichungulia simu mara moja tu umeanza upya. Wanafunzi wa Chuo cha Maendeleo ya Jamii hapa Buhare, wanaonifuata siku za giza, wanalalamika kwamba nawanyang'anya simu. Nawanyang'anya kweli. Kuna mambo ambayo hujifunzi mpaka jicho litulie. La kwanza ni kwamba kitu hafifu unakiona vizuri zaidi ukikitazama pembeni kidogo kuliko ukikikazia macho. Wavuvi wanaosaka taa ya mwenzao mbali wanafanya hivyo bila kufundishwa. La pili ni rangi. Simama mwaloni jioni karibu na mama aliyejifunga kitenge chekundu chenye maua ya buluu. Mchana wekundu ndio unaopiga kelele. Jua likishazama, ndani ya dakika chache wekundu unazama nao, unakuwa kahawia, halafu mweusi, na yale maua ya buluu yanabaki yanaelea peke yake kana kwamba kitambaa kimegeuzwa. Kamera haipatwi na jambo hili, jicho ndilo linalopatwa. Kwa hiyo ukiiachia kamera itakuletea kitenge chekundu ambacho hakuna mtu aliyekiona jioni ile. Ukitaka picha ifanane na ulivyoona, huna budi kuuzamisha wekundu mwenyewe baadaye, kwenye kompyuta.

Na fanya haraka. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa nchi ambako machweo yanakaa na wewe kama mgeni asiyetaka kuaga. Huku kwetu, kama nyuzi moja na nusu hivi kusini mwa ikweta, jua linashuka wima. Musoma linazama kati ya saa 12:30 na saa 1:05 jioni, kutegemea mwezi wa mwaka, na baada ya hapo una dakika ishirini na kitu kabla hujaanza kupapasa. Ndani ya dakika hizo kuna chache, saba au nane kwa hesabu yangu, ambapo anga na karabai vina nguvu sawa: anga bado ni buluu iliyokolea, taa tayari ni ya manjano, na mitumbwi inayotoka inakuwa vivuli vilivyokatwa kwa mkasi. Picha nyingi za Ziwa Victoria zinazouzwa kama kadi zimepigwa kwenye dakika hizo. Ni nzuri, sina ugomvi nazo, na nimelipia kodi ya chumba kwa kuziuza. Lakini nakushauri usifunge kamera zinapoisha, kwa sababu hapo ndipo wapiga picha wengine wote wanapoondoka.

Kuhusu ngozi zetu nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nimeona wenzangu wengi wakiharibu kazi.

Filamu ya rangi haikutengenezwa ikitufikiria. Kwa miaka mingi Kodak walipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi ya mfano, yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Mafundi wakaiita Shirley, jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha ya mwanzo. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri, na kila mtu mwingine akatoka alivyotoka. Miaka ya 1970 malalamiko yaliyosikika kwenye kampuni yalitoka kwa watengeneza chokoleti na wauza samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia zilikuwa hazitofautiani kwenye matangazo. Filamu ikaanza kuboreshwa. Kwa hiyo sisi wenye rangi ya chokoleti tulinufaika, kwa sehemu, na chokoleti.

Studio zetu zilipambana na filamu ile kwa silaha zilizokuwa nazo: poda, pazia jeupe, taa mbili kubwa usoni. Filamu imekwisha, tabia imebaki. Mpaka leo mteja akikaa kwenye stuli ya paspoti neno lake la kwanza ni "nitoe mweupe kidogo", na simu nyingi zinamtoa mweupe bila hata kuombwa.

Sasa tazama uso ule ule kando ya karabai. Ngozi nyeusi yenye jasho na maji ya ziwa haihitaji mwanga mwingi, inahitaji mwanga wa pembeni. Inaurudisha mwanga kama chungu kilichopakwa mafuta: mstari mmoja juu ya shavu, mwingine kwenye ukingo wa pua, mshipa wa shingo, ncha ya bega. Baina ya mistari hiyo kuna weusi wenye ngazi nyingi, kahawia, zambarau, buluu kidogo upande wa ziwa. Ukiongeza taa ya pili ili "aonekane", umezifuta ngazi zote. Mtu aliyeyajua haya kuliko wengi ni Roy DeCarava, aliyezaliwa Harlem, New York, mwaka 1919 na kufariki mwaka 2009. Mwaka 1952 alikuwa mpiga picha Mweusi wa kwanza kupata ufadhili wa Guggenheim, na mwaka 1955 alitoa kitabu pamoja na mshairi Langston Hughes. Aliwapiga jirani zake kwenye ngazi, jikoni, kwenye kumbi za jazi, kwa mwanga uliokuwepo, na akazichapa picha zake kwa kijivu kizito kiasi kwamba mara ya kwanza unadhani hakuna kitu. Unasogea. Jicho linazoea, kama linavyozoea mwaloni, na mtu anatokea taratibu. DeCarava aliwapa watu wake heshima ya kutazamwa kwa muda.

Nikiri lakini kwamba somo hili niliwahi kulitumia mahali pasipo pake. Tulikuwa na sherehe ya kipaimara, umeme ukakatika, jenereta ikawashwa na balbu moja ikatundikwa kwenye mwembe. Nilifurahi kupita kiasi. Nikapiga usiku mzima kwa balbu ile, nyuso nusu, mikono, gilasi zinazometa. Mama wa mtoto alipokuja kuzichukua alizigeuza moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza, "Sasa baba, shangazi yake aliyesafiri kutoka Bunda na keki yuko wapi humu?" Shangazi alikuwemo. Alikuwa ukingo wa kitambaa cha kichwa nyuma ya keki. Nilirudisha nusu ya malipo, na mpaka leo naona mama yule alikuwa sahihi. Picha ya familia ni daftari la mahudhurio, na anayeipiga hana ruhusa ya kumwacha mtu gizani kwa sababu giza limemvutia.

Tuseme kidogo kuhusu simu, kwa kuwa wengi mnaosoma hapa mna simu tu. Mfumo wa usiku kwenye simu hupiga picha kadhaa mfululizo, huzilaza moja juu ya nyingine, husafisha chenga, na kukupa ziwa la saa moja usiku likiwa limeng'aa kama saa kumi alasiri. Ni hesabu ya ajabu na naiheshimu. Ila imefanya kazi uliyokuwa hujaiomba. Gusa taa kwenye kioo ili simu ipime hapo, kisha telezesha kidole kushusha mwanga, na kama unaweza kuuzima mfumo wa usiku, uzime. Chenga zitarudi. Ziache. Chenga ni upungufu wa mwanga kuonekana kwa macho: ukitega sufuria kumi nje wakati wa manyunyu, nyingine zitapata matone matatu, nyingine saba, na tofauti hiyo ndiyo unayoiona kama punje, mvua ikiwa kubwa zote zinajaa na tofauti inapotea. Chenga kwenye picha ya usiku zinasema kweli kwamba mwanga ulikuwa wa manyunyu. Zinazochukiza ni zile za picha iliyopigwa nyeusi mno kisha ikainuliwa kwa nguvu kwenye kompyuta. Hizo zinakuja na madoa ya kijani na zambarau, na hakuna hadithi itakayoziokoa.

Kwa walio na kamera na miguu mitatu: mtumbwini miguu mitatu ni mzigo tu, iacheni nyumbani. Panda mawe yetu, haya makubwa ya Musoma yaliyolundikana kando ya ziwa, na upige kutoka nchi kavu. Fungua kwa sekunde 10, 20, 30. Kila taa ziwani itajiandika yenyewe, kijistari kilichojikunja kadiri wimbi lilivyoibeba. Siku ya upepo ziwa zima linaonekana kama limeandikwa na mtoto wa chekechea. Brassaï, Mhungaria aliyeifanya Paris kuwa yake na kuchapisha Paris de nuit mwanzoni mwa miaka ya 1930, alipima muda wake kwa sigara, aina moja kwa mtaa wenye taa, nyingine nene zaidi kwa mtaa wenye giza. Mimi sivuti. Nahesabu kwa mdomo: karabai moja, karabai mbili, karabai tatu. Na usiende peke yako. Viboko hutoka majini usiku kula majani, na kiboko hasubiri picha yako iishe.

Lakini neno karabai lenyewe linaanza kuwa la kihistoria. Siku hizi taa nyingi ziwani ni za betri na sola. Wavuvi wanazipenda na wana haki: hazilipuki, hazinuki mafuta, hazizimwi na rasharasha. Kwangu mimi zimebadilisha rangi ya usiku. Karabai ilikuwa na manjano iliyopauka, kitambaa chake kikivuma kama nyuki, na ikitetereka kidogo nyuso zote zilitetereka nayo. Taa hizi mpya ni nyeupe, za kibuluu, hazitikisiki. Ziwa lililokuwa linaonekana kama kijiji kilichokoka moto sasa linaonekana kama mtaa wa maduka ya simu. Nilijaribu kwa mwaka mzima kudanganya, nikipanga rangi za kamera ili taa nyeupe itoke ya manjano. Nikaacha. Watoto wa wavuvi hawa watakumbuka usiku mweupe, na picha ni zao pia. Ninachofanya sasa ni kuuacha ubaridi ule ubaki, kushusha mwanga zaidi kuliko zamani kwa sababu taa hizi zinaunguza ngozi upesi, na kungoja mtu ageuke ili mwanga umguse kwa ukingo.

Yule mzee wa usiku wa flashi niliendelea kumfuata. Ilichukua giza la miezi mitatu kabla hajaniita tena mtumbwini, na safari hiyo nilikwenda na lenzi moja na mikono mitupu. Picha niliyoipenda ni moja. Karibu yote ni nyeusi. Juu kidogo ya katikati kuna taa, chini yake mikono miwili na upande wa uso wake, na kwenye maji mng'ao mdogo ambao asiyejua atasema ni kasoro ya karatasi. Niliichapa kubwa nikampelekea mwaloni, asubuhi, kina mama wakiwa wanaanika dagaa na kunguru wakiwa wameshawahi.

Akaishika mbali kidogo, kama watu wasio na miwani wanavyoshika. Hakujiangalia yeye. Aliweka kidole kushoto kabisa, mahali ambapo mimi nilikuwa nimehakikisha hakuna kitu chochote.

"Hapa alikaa mjukuu wangu," akasema. "Usiku ule ndio ulikuwa wake wa kwanza. Alitapika mpaka alfajiri."